Ukuta usiomhitaji jirani: fensi na ukuta wa kuzuia udongo kwenye kiwanja cha mteremko

Kwenye tambarare, ugomvi wa mpaka ni wa upana tu: nusu mita huku, nusu mita kule. Kwenye mteremko, kama Goba, Kimara, Salasala au Kibamba za Dar es Salaam, kuna ugomvi wa pili ambao wengi hawauoni mpaka masika yafike, nao ni wa kimo. Mmoja yuko juu, mwingine yuko chini, na katikati kuna udongo unaotaka kushuka na maji yanayotafuta njia. Fensi peke yake hapo haitoshi. Unahitaji ukuta wa kuzuia udongo, halafu fensi juu yake, na jirani akiwa mkorofi kila toroli la mchanga linaweza kugeuka shauri la serikali ya mtaa.

Kwa hiyo ukuta wa mpakani na mtu msiyeelewana unapangwa kwa kanuni moja: usimhitaji kwa lolote. Msingi usiingie kwake, fundi asikanyage kwake, maji yasimwagikie kwake, na siku ya kukarabati usilazimike kupiga hodi. Gharama yake ni kipande chembamba cha ardhi yako na saruji kidogo zaidi. Karibu kila uamuzi wa kiufundi unaofuata hapa chini unatoka kwenye kanuni hiyo.

Mpaka kwanza, jembe baadaye

Kwa kiwanja kilichopimwa, mpaka ni mstari ulionyooka kati ya bikoni na bikoni, yaani zile alama rasmi za upimaji zilizofukiwa kwenye kona. Mwembe sio mpaka, minyaa sio mpaka, na fensi ya zamani ya mabati sio mpaka. Mlete mpima ardhi aliyesajiliwa, aje na ramani ya upimaji, azifufue bikoni. Usikubali fundi akuonyeshe mpaka kwa simu. GPS ya simu hukosea mita 3 hadi 5 hata kwenye anga wazi, na hapa mnagombea sentimita 20. Kifaa cha mpima kinafika kwenye sentimita chache.

Siku hiyo jirani aitwe kwa barua, na mwenyekiti au mjumbe wa serikali ya mtaa awepo. Asipotokea, nakala ya barua iliyopokewa inaonyesha kwamba aliitwa.

Bikoni zikishaonekana, zifunge kwa vipimo. Kutoka kila bikoni, vuta tepu hadi kwenye vitu viwili visivyohama, kwa mfano kona mbili za nyumba yako. Andika vipimo vyote viwili, kisha piga picha tepu ikiwa imevutwa na namba zinasomeka. Bikoni ikija kung'oka usiku, watu wawili wakishika tepu mbili kwenye zile kona, mahali vipimo vinapokutana ndipo ilipokuwa. Kuirudisha rasmi ni kazi ya mpima, lakini hakuna atakayeweza kuanzisha hadithi mpya ya mpaka. Kung'oa bikoni ni kosa chini ya Sheria ya Upimaji Ardhi, Sura ya 324. Tatizo ni kwamba kumpata aliyeing'oa ni shughuli, ilhali vipimo havihitaji mshukiwa.

Kwenye ardhi ambayo haijapimwa hali ni ngumu zaidi, maana mkataba wa mauziano husema "hatua 25 kwa 30" na hausemi hatua za nani. Mtu mrefu na mtu mfupi wakipima hatua 30, tofauti yao inaweza kuzidi mita 3. Usijenge ukuta wa mamilioni juu ya hatua. Mshawishi jirani mpimwe pamoja, au subiri urasimishaji (upimaji wa makazi yaliyojengwa bila kupimwa) ufike mtaani kwenu, ambapo wenye viwanja vinavyopakana hutia saini kukubali mpaka. Kama huwezi kusubiri, panda michongoma kwanza na uzuie udongo kwa matuta. Michongoma ikikosewa hung'olewa mchana mmoja.

Kuna jirani atakayekwambia, "Jenga tu bwana, mimi na wewe tena? Sisi ni ndugu." Mshukuru, halafu mwombe aseme hivyo hivyo kwa maandishi mbele ya mjumbe. Anayemaanisha atatia saini.

Nani alibadilisha ardhi?

Kabla ya kugombania gharama, tazama mteremko ulivyokuwa. Uliyekata mlima ili upate uwanja wa kujenga, wewe ndiye mwenye mzigo wa kuushikilia udongo wa jirani aliye juu. Uliyejaza kifusi ili uwanja wako uwe sawa, wewe ndiye mwenye mzigo wa kukizuia kisimwangukie aliye chini. Mkiwa mmebadilisha wote, yeye amekata na wewe umejaza, kuna hoja ya kuchangia. Jirani mkorofi mara nyingi anakuwa na haki kwenye jambo hili moja, na kumkatalia hapa ndipo ugomvi mdogo unapokua. Kama kifusi ni chako, jenga, usimdai.

Na kama mwenye kubadilisha ni yeye, lakini hajengi na masika yanakaribia? Jenga kwako, kwa fedha zako, huku ukiweka stakabadhi zote. Unaweza kudai baadaye. Nyumba iliyofunikwa na udongo haisubiri hukumu.

Udongo unasukuma kuliko unavyodhani

Hii ndiyo sehemu inayowapoteza mafundi wazuri kabisa wa nyumba. Udongo wa kawaida uliokauka, wa kimo cha mita 1, unasukuma ukuta kwa takribani kilo 300 kwa kila mita ya urefu. Kimo kikiwa mita 2, msukumo hauwi kilo 600. Unakuwa karibu kilo 1,200. Kimo kikiongezeka mara mbili, msukumo huongezeka mara 4, na kwa kuwa nguvu hiyo inashika juu zaidi, uwezo wake wa kuupindua ukuta huongezeka mara 8. Udongo huohuo ukijaa maji hadi juu kwa sababu hayana pa kutokea, msukumo kwenye mita 2 unapanda hadi karibu kilo 2,500. Ndiyo maana kuta nyingi husimama vizuri Juni hadi Februari, halafu zinalala Aprili.

Tofali la inchi 6 halizuii udongo. Hata likiwa gumu, hata likiwa na nguzo kila mita 3. Ukuta wa namna hiyo unaanza kutoa tumbo, unapata ufa wa kulala karibu theluthi moja kutoka chini, kisha unainamia kwa jirani. Wanaoupiga lipu upya ili kuficha ufa wanajiongezea gharama tu. Tofali ni la fensi iliyo juu ya usawa wa udongo. Chini ya hapo ni mawe au zege lenye nondo.

Tuanze na wewe uliye juu. Kwa kimo cha hadi mita 1.5, ukuta wa mawe unaosimama kwa uzito wake ndio rahisi na ndio mafundi wetu wanaoujua. Nyumba nyingi za vilima vya Mwanza, ambako mawe yako mlangoni, zimekaa juu ya kuta za aina hii. Kanuni ya haraka: upana wa chini uwe kati ya nusu na theluthi mbili ya kimo, upana wa juu usipungue sentimita 40. Upande unaotazama kwa jirani uwe wima, na kupungua kwa upana kufanyike upande wako kwa ngazi. Kuna faida mbili: ukuta hauibi ardhi ya mtu, na udongo unaokalia zile ngazi unaongeza uzito wa kuushikilia.

Msingi ushuke angalau sentimita 50 chini ya usawa wa ardhi ya upande wa chini, sio wa upande wako wa juu. Kama jirani wa chini bado hajajenga, shuka zaidi, hata sentimita 80. Siku moja atakata mlima wake ili apate uwanja, na atakata mpaka miguuni pa ukuta wako. Hilo hutaweza kumzuia kila saa, lakini unaweza kulitarajia.

Zaidi ya mita 1.5, muite mhandisi achore. Kwa kawaida atakupa ukuta wa zege wenye umbo la herufi L, mguu wake ukielekea kwako chini ya udongo wako mwenyewe, ili uzito wa udongo ndio ushikilie ukuta. Kwa kimo cha mita 2, mguu huwa kati ya mita 1.2 na 1.4. Mchoro ni wa mhandisi, ila jambo moja lisimamie mwenyewe siku ya kufunga nondo: nondo kuu za ukuta zinakaa upande wa udongo, zikiwa na sentimita 5 za zege la kuzifunika. Fundi aliyezoea kuta za nyumba ataziweka katikati, au upande wa nje "ili ukuta usipasuke mbele ya watu." Ukuta unaosukumwa na udongo unavutika nyuma, na zege lisilo na nondo pale linapovutika hukatika kama biskuti. Angalia kabla ya mbao za boksi la kumwagia zege kufungwa. Baadaye huwezi kujua.

Vipimo na vifaa vya ukuta wa mita 15

Tuchukue mfano wa kawaida: mpaka wa mita 15, kimo cha udongo mita 1.2, na fensi ya mita 1.8 juu yake. Ukuta wa mawe uwe na sentimita 70 chini na 40 juu, umekaa kwenye msingi wa mawe wa upana wa sentimita 90. Sura yake ya nje irudi nyuma ya mstari wa bikoni kwa sentimita 30. Msingi ukitokeza mbele sentimita 10, bado umebaki ndani ya ardhi yako. Kama kiwanja kinaruhusu, rudi sentimita 60, upate upenyo wa kupita mtu ubavuubavu akitokea barabarani kusafisha au kupiga lipu.

Mawe ni kama mita za ujazo 18, takribani tani 27, yaani tipa 4 za tani 7. Saruji mifuko 45, pamoja na zege jepesi la sentimita 10 chini ya msingi. Mchanga mita za ujazo 6. Kokoto za nyuma ya ukuta mita za ujazo 5. Bomba la inchi 4 la mita 6, vipande 3. Fensi ya juu inataka matofali 270 ya inchi 6, na uongeze ya kuvunjika. Nguzo ni 6, kila moja nondo 4 za milimita 12 na ringi za milimita 8 kila sentimita 20.

Uwiano wa udongo wa saruji wa kujengea mawe ni 1 kwa 4, saruji kwa mchanga. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35, kwa hiyo unachanganywa na lita 140 za mchanga, sawa na ndoo 7 za lita 20. Sema kwa ndoo, usiseme kwa toroli. Toroli la asubuhi na toroli la saa tisa alasiri halijai sawasawa. Zege la nguzo na la mkanda wa juu ya mawe ni 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), na kila mita ya ujazo hula mifuko 6 na nusu hivi.

Kwenye kujenga mawe, kaa macho na katikati ya ukuta. Kuna mafundi hujenga sura mbili nzuri, ya mbele na ya nyuma, halafu katikati wanatupa vifusi vikavu. Ukuta wa namna hiyo ni kuta mbili nyembamba zilizosimama jirani. Mawe makubwa yakae chini, kila mita moja liwekwe jiwe refu linalofunga sura ya mbele na ya nyuma, na matundu yote yajazwe udongo wa saruji na vijiwe. Usipandishe zaidi ya mita 1 kwa siku. Mwagilia siku 7.

Acha mwanya wa sentimita 2 kila baada ya mita 6 hadi 9, kuanzia msingi hadi juu ya fensi. Usipouacha, ukuta utajichagulia mwenyewe pa kupasukia.

Ukiwa chini, jirani juu

Hali hii ndiyo ya hatari, kwa sababu ukikosea nyumba inayoanguka ni ya mwenzio. Kwanza piga hesabu ya kukata: chora mstari wa nyuzi 45 kutoka chini ya msingi wake ukishuka kuelekea kwako. Shimo lako likivuka mstari huo, unachimba chini ya nyumba yake, na hapo hakuna ujanja wa fundi. Ni mhandisi, au usogee nyuma.

Kabla ya kuchimba, piga picha kuta zake zinazoonekana kutoka kwako na kutoka barabarani, kila ufa na tarehe yake. Akikubali mjumbe aingie akapige picha ndani, bora zaidi. Nyufa za miaka kumi iliyopita zina tabia ya kuzaliwa upya siku jirani anapoleta tipa la mawe.

Usichimbe mtaro wa mita 15 wote kwa mara moja, hata kama mwenye greda anasema atamaliza kwa nusu siku. Gawanya mstari katika vipande 10 vya mita 1.5. Chimba na ujenge kipande cha 1, cha 4, cha 7 na cha 10. Vikishakaa siku kadhaa na kujazwa nyuma, fungua cha 2, 5 na 8, kisha cha 3, 6 na 9. Ncha za kila kipande ziachwe na meno ili kinachofuata kishikane nacho. Kazi inachelewa, vibarua wanalalamika kwamba wanahamahama, lakini muda wote karibu theluthi mbili ya mlima inakuwa imeshikwa. Fanya hivi kati ya Juni na Septemba. Vuli ikikukuta na vipande vilivyo wazi, funika kwa turubai na uelekeze maji pembeni kwa tuta.

Maji

Kuta za kuzuia udongo huuawa na maji kuliko kitu kingine chochote, na maji ndiyo chanzo kikubwa cha ugomvi. Ukuta wowote wa aina hii unahitaji matundu ya kutolea maji. Ukiwa juu, matundu hayo yanatazama kwa jirani wa chini. Umeona tatizo.

Maji yaliyokuwa yakitawanyika mteremko mzima ni ya Mungu, na aliye chini huyapokea. Lakini ukiyakusanya nyuma ya ukuta na kumfungulia kwenye tundu moja, umemtengenezea mto, na mwenyekiti wa mtaa atasimama upande wake. Kwa hiyo njia kuu ya maji iwe nyuma ya ukuta, upande wako. Chini kabisa, juu ya msingi, laza lile bomba la inchi 4 lenye matundu, matundu yakitazama chini, na literemke sentimita 1 kwa kila mita 1 kuelekea mtaro wa barabara. Kwa mita 15 huo ni mteremko wa sentimita 15 tu. Pima kwa mpira wa maji (mrija mwangavu uliojazwa maji), sio kwa jicho. Lizungushie kokoto, na nyuma ya ukuta wote pandisha tabaka la kokoto la sentimita 30. Kati ya kokoto na udongo weka kitambaa cha kuchuja. Kikikosekana, weka sentimita 10 za mchanga mkali. Usiweke nailoni, maana inazuia maji yasifike kwenye bomba ulilolinunua.

Matundu ya mbele bado weka, bomba za inchi 2 kila mita 1.5, sentimita 20 juu ya ardhi ya chini, zikiinamia nje. Hayo ni ya dharura, siku bomba la nyuma likiziba. Na hapa ndipo zile sentimita 30 ulizoziacha zinalipa: ndani yake jenga mfereji mdogo wa saruji uyapokee matone na kuyapeleka barabarani. Tone halivuki mpaka.

Vyanzo vingine vya maji ni vyako mwenyewe. Gata zisimwage nyuma ya ukuta. Shimo la maji taka lisikae karibu nao, kwani linalowesha udongo mwaka mzima, hata kiangazi. Beseni la kufulia lina mchango wake pia.

Kujaza nyuma na kupandisha fensi

Usijaze mapema. Ukuta wa mawe uupe wiki mbili, wa zege wiki nne au kadiri mhandisi atakavyosema. Jaza kwa moramu au mchanga wenye changarawe, matabaka ya sentimita 15 hadi 20, kila tabaka likishindiliwa kwa mkono. Udongo wa mfinyanzi peleka kwenye bustani. Ukilowa unavimba na kusukuma zaidi, ukikauka unaacha nyufa za kupitishia maji. Tipa lisirudi nyuma kumwaga mzigo ukingoni. Limwage mbali, toroli lilete.

Fensi ya juu isiwekwe tu juu ya mawe kama sanduku juu ya kabati. Nondo za nguzo zianze ndani ya ukuta wa mawe, zishuke angalau sentimita 60, na zitiwe wakati mawe yanajengwa. Juu ya mawe mwaga mkanda wa zege wa sentimita 15, ndipo matofali yaanze. Mpaka ukishuka na mlima, fensi ipande kwa ngazi, kila kipande kikiwa kimenyooka kwa pima maji. Kozi, yaani mistari ya matofali, zilizolazwa na mteremko hazishikani. Kama uko juu na unaogopa uzito, weka kozi 3 za matofali na wavu wa chuma juu yake. Upepo unapita, jirani wa chini anapata mwanga, na lawama moja inapungua.

Kofia ya ukuta iinamie kwako, itokeze sentimita 5 upande wako, ili maji ya mvua yadondoke kwako. Chupa zilizovunjwa na nyaya za umeme, kama lazima, viinamie ndani pia.

Vituko vya kawaida

Kituko cha kwanza: ukuta ukishakauka, jirani anatoboa na kuchomeka mbao za banda la kuku. Ukinyamaza, ukuta unageuka wa wote. Mwandikie ndani ya wiki hiyo, nakala kwa serikali ya mtaa, kwa lugha ya upole: "Mzee wangu, shikamoo. Naomba mbao ziondolewe kwa sababu ukuta haukujengwa kubeba paa." Tarehe ndiyo muhimu kuliko maneno.

Cha pili: anarundika kifusi upande wake, kwenye fensi yako. Fensi ya inchi 6 iliyojengwa ardhi ikiwa sawa pande zote mbili haikupangwa kuzuia chochote, na mita 1 ya kifusi kilicholowa inatosha kuilaza. Hili usilisubirie hadi masika.

Cha tatu ni cha polepole. Kile kipande cha sentimita 30 au 60 ulichokiacha nje, jirani anapanda mchicha, kisha migomba, kisha anakimwagia zege. Ukomo wa kudai ardhi mahakamani Tanzania ni miaka 12. Kwa hiyo mfereji wa saruji ndani ya kipande hicho una kazi ya pili, kuonyesha kuwa kinatumiwa na wewe. Weka pia alama za zege fupi kwenye mstari wa bikoni kila mita 5, na kitaje kipande hicho kwenye makubaliano.

Makubaliano yenyewe, kama yanapatikana, yawe ukurasa mmoja: mstari uko wapi, ukuta ni wa nani, nani amelipa nini, maji yanaelekea wapi, nani anakarabati, na kwamba mnunuzi atakayekuja atakabidhiwa nakala. Mke na mume wa kila upande watie saini, mjumbe ashuhudie. Kibali cha ujenzi cha halmashauri kiambatanishwe. Jirani mkorofi hutafuta kibali kabla ya kutafuta kosa.

Yakishindikana, polisi sio mahali pa mpaka, isipokuwa kuna vitisho au uharibifu. Anza serikali ya mtaa, kisha Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 baraza hilo haliamui tena migogoro ya ardhi, linasuluhisha. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya linahitaji uthibitisho kwamba usuluhishi umeshindikana, na siku 30 zikipita bila suluhu mlalamikaji anaweza kusonga mbele. Peleka vipimo vya bikoni, picha zenye tarehe, barua na stakabadhi.

Masika ya kwanza

Kabla ya mvua, ning'iniza timazi (uzi wenye kizito) kwenye sura ya ukuta sehemu tatu na uandike umbali kati ya uzi na ukuta juu na chini. Rudia baada ya masika. Milimita chache ni ukuta kutulia. Ukiona sentimita 2 au zaidi, au tumbo katikati, au bomba la nyuma halitoi maji wakati uwanja umelowa, usianze kwa kujenga nguzo za kuegemeza upande wa jirani. Chimbua udongo wa nyuma kwanza, angalau nusu ya kimo, uupeleke mbali, kisha zibua bomba. Ukuta ukishapunguziwa mzigo, mhandisi ana muda wa kufikiri.